Isidingo ilivyoishiwa subira

TAMTHILIA ikianza kuchuja, mtazamaji hujua mapema kuliko anayeiandika. Huenda asiweze kueleza kasoro iko wapi. Anachojua ni kwamba mwaka jana aliacha mboga ziungulie jikoni ili asipitwe, na mwaka huu runinga inaongea peke yake sebuleni huku yeye akichambua mchele uani. Katika nyumba nyingi nchini, hivyo ndivyo Isidingo ilivyoagwa. Hakuna aliyetangaza kwamba ameacha kuitazama. Watu walipungua mmoja mmoja.

Tamthilia hiyo, iliyopendwa hapa kupitia kituo cha ITV, ilianza kuonyeshwa Afrika Kusini Julai 7, 1998, katika kituo cha SABC 3. Aliyeibuni ni Gray Hofmeyr. Jina lake ni neno la Kizulu lenye maana ya hitaji, na mwanzoni lilifaa kabisa. Hadithi ilikaa Horizon Deep, mji wa mgodi wa dhahabu, na wahusika wake walikuwa watu wenye mahitaji: mshahara, nyumba, ndoa, heshima. Kulikuwa na Zeb Matabane na mkewe Agnes, watu wazima waliogombana na kupatana kama wanandoa wa kweli. Kulikuwa na Georgie Zamdela, mjanja wa mjini aliyekuwa na dili jipya kila wiki. Na kulikuwa na tajiri Barker Haines na Cherel, wanandoa ambao ukiwaona wanacheka ulijua kuna mtu anakaribia kulia.

Katika nyumba moja ya Tabata, jijini Dar es Salaam, Isidingo ilikuwa na kiti chake. Baba alirudi kazini mapema siku za katikati ya wiki. Mama, fundi cherehani, alizima mashine yake. Watoto watatu walikaa kwenye mkeka. Bibi, mzaa mama, aliyeletwa kutoka Muleba baada ya miguu kuanza kumsumbua, alipewa kochi lililo karibu na kioo.

Tatizo lilikuwa lugha. Wahusika wa Isidingo walichanganya Kiingereza, Kizulu, Kixhosa, Kisotho na Kiafrikana katika mazungumzo yaleyale, na chini ya kioo yalipita maandishi ya Kiingereza. Bibi hakujua hata lugha moja kati ya hizo. Kazi ya kutafsiri ikamwangukia mjukuu wa kwanza, binti wa miaka 11 ambaye Kiingereza chake cha shuleni kilikuwa na mashimo mengi. Alipokutana na neno asilolijua, alilijaza kwa akili yake. Walipobusiana, alisema "wanasalimiana." Bibi alimsikiliza kwa upole, lakini mara kwa mara alinyanyua kidole na kusema, "Hapo nimesikia mwenyewe. Amesema abantu." Neno hilo la Kizulu ni lilelile la Kihaya, na bibi alilipokea kama barua kutoka nyumbani.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Isidingo ikaleta mhusika aliyebadilisha mazungumzo ya nyumba hiyo. Aliitwa Nandipha Sithole, na aliyemuigiza ni Hlubi Mboya. Nandipha alikuwa msichana mrembo, msomi, mwenye ndoto, na alikuwa anaishi na virusi vya Ukimwi.

Leo jambo hilo linaweza kuonekana la kawaida. Wakati ule halikuwa la kawaida, na Afrika Kusini ndiko lilikokuwa zito zaidi. Rais Thabo Mbeki alikuwa akihoji hadharani kama kweli VVU ndivyo vinavyosababisha Ukimwi, na Waziri wake wa Afya, Manto Tshabalala-Msimang, alisifia kitunguu saumu, limao na bitiruti. Wanaharakati walilazimika kwenda hadi Mahakama ya Katiba, ambayo mwaka 2002 iliamuru Serikali iwape wajawazito dawa ya kuwakinga watoto wao. Katika hali hiyo, kumweka sebuleni kwa watu msichana mwenye VVU, anayefanya kazi, anayependa na kupendwa, kulikuwa ni kusema jambo ambalo wakubwa wa nchi walikwepa kulisema.

Katika filamu nyingi za wakati ule, mhusika akipata virusi alikuwa ameshahukumiwa. Alikonda, akakohoa, akaomba msamaha, akazikwa. Dakika 90 zilitosha. Nandipha hakuzikwa. Wiki ikapita, mwezi ukapita, miaka ikapita, naye yupo, akifurahi, akiogopa, akikasirika kama wenzake.

Bibi alimtazama kuliko mtu yeyote katika nyumba ile, na alikuwa na sababu. Mkoa wa Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walikogunduliwa, mwaka 1983. Kabla ugonjwa haujapata jina la kitaalamu, watu wa huko waliuita Juliana, jina la aina ya kitambaa kilichovushwa kwa magendo kutoka Uganda. Bibi alizika wana wawili katika miaka hiyo. Wote wawili walilazwa kwenye kibanja, chini ya migomba, na kwenye misiba yote miwili ilisemwa kwamba ni kifua.

Mwaka 2005 mwanawe wa mwisho, mjomba wa watoto wa Tabata, alikuja kuishi hapo akiwa amepungua hadi mkanda umeongezwa matundu. Nchi ilikuwa imeanza kutoa bure dawa za kufubaza virusi, ARV, tangu mwishoni mwa mwaka uliotangulia, naye alikuwa ameanza kuzitumia. Alizificha kwenye kopo la maziwa ya unga, juu ya kabati la vyombo. Dozi ya wakati huo ilikuwa ya mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, saa 12 kati ya kidonge na kidonge. Mama wa watoto alijua. Watoto waliambiwa ni dawa za presha. Bibi hakuambiwa kitu, kwa sababu hakuna aliyejua namna ya kuanza kumwambia mama kwamba na huyu wa tatu pia.

Jioni moja Nandipha alionekana akiwa mnyonge kitandani. Bibi akamuuliza mtafsiri wake, "Yule binti amekunywa dawa leo?"

"Hawajaonyesha, Bibi."

Kukawa kimya. Kisha mjomba, aliyekuwa amesimama mlangoni na kikombe cha maji mkononi, akajibu, "Amekunywa, mama."

Bibi hakugeuka. Alisema tu, "Vizuri. Asiache."

Tangu siku hiyo swali likawa la kila jioni. Hata siku ambazo Nandipha hakutokea kabisa, bibi aliuliza kama yule binti amekunywa dawa, na mjomba alijibu kwamba amekunywa. Mama alikata uzi kwa meno na kuangalia pembeni. Binti wa miaka 11 alidhani bibi anachanganya tamthilia na maisha, na alimsahihisha mara mbili kabla mama yake hajamfinya. Haukupita mwaka akaelewa mwenyewe. Hakuna aliyemkalisha chini kumweleza.

Hicho ndicho kitu ambacho tamthilia ndefu inakuwa nacho na filamu haina. Inao muda. Ugonjwa wa kudumu hauishi kwa dakika 90. Unaishi kwa vidonge vya Jumatatu, Jumanne na Jumatano, vyote vikifanana, bila mtu kupiga makofi. Simulizi pekee inayoweza kutembea kwa mwendo huo ni ile inayorudi kila siku, nusu saa, siku tano kwa wiki, mwaka baada ya mwaka.

Watanzania walikuwa wameshaliona hilo redioni kabla ya Isidingo. Mwaka 1993 Redio Tanzania ilianza kurusha Twende na Wakati, mchezo uliomfuata Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njia nzima, na mkewe Tunu. Mkwaju alipata virusi, akaugua na hatimaye akafa, na Tunu alijifunza kusimama kwa biashara yake ndogo. Watafiti walilinganisha maeneo yaliyousikia mchezo huo na Dodoma, ambako kwa miaka miwili ya kwanza haukurushwa, na wakaona waliousikiliza walibadilika zaidi katika mambo kama uzazi wa mpango na kujikinga na Ukimwi. Mkwaju hakubadilisha watu kwa kuhubiriwa. Walimuona akifanya upuuzi wake pole pole, wakamuonya na asisikie, kisha wakamuona akilipa.

Kulipa ndiko kulikoanza kupotea katika Isidingo.

Haikutokea kwa siku moja. Kwanza mgodi ulisogea nyuma. Horizon Deep ya mwanzo ilikuwa na wanaume wanaoshuka ardhini, na mtazamaji alijua kuna migomo, ajali na lile vumbi la mawe linaloharibu mapafu na kumweka mchimbaji karibu na kifua kikuu. Kadiri miaka ilivyokwenda, uzito wa hadithi ukahamia kwenye kituo cha televisheni cha ON!TV, kwenye ofisi za vioo, hisa na vikao. Watu wenye mahitaji wakawa wachache, wenye tamaa wakaongezeka. Bibi aliuliza siku moja, "Hawa wanakula saa ngapi? Kila nikiwaona wameshika glasi."

Kisha waigizaji wakaanza kuondoka. Hilo halikwepeki katika kazi ya zaidi ya miaka 20. Mtu anapata kazi nyingine, anachoka au anazeeka. Lakini mwandishi wa tamthilia ya kila siku hana nafasi ya kuomboleza. Vipindi vitano vya wiki ijayo lazima viwepo. Nafasi ya mhusika aliyejengwa kwa miaka mitano hujazwa na mgeni aliyejengwa kwa siku tano, na kwa kuwa mgeni huyo hana historia, hupewa bastola, mimba au siri ya urithi ili watu wamtazame.

La tatu, lililomuudhi bibi kuliko yote, ni watu walioagwa kurudi. Michelle Botes, aliyemuigiza Cherel, aliondoka kwenye tamthilia hiyo na baadaye akarejea, na Cherel akarejea naye. Watazamaji wengi walishangilia, kwa kuwa hakuna aliyejua ukorofi kama yeye. Ni desturi ya zamani ya tamthilia ndefu duniani. Dallas ya Marekani ilimrudisha Bobby Ewing mwaka 1986 baada ya kumuua, na matukio ya msimu mzima yakageuzwa ndoto ya mkewe. The Bold and the Beautiful imewafufua wahusika wake zaidi ya mara moja.

Kwa kijana ni burudani. Bibi alikuwa ameketi chini ya migomba mara mbili na kumwaga udongo juu ya watoto wake. Alimuona mtu aliyeshaagwa akiingia mlangoni na nywele zimetengenezwa vizuri. Akauliza kama ni pacha. Alipoambiwa ni yuleyule, akasema kwa Kihaya neno ambalo mama alikataa kulitafsiri, kisha akaomba asindikizwe kitandani.

Hakuirudia tamthilia hiyo kwa moyo tena. Alikaa pale mara mojamoja kwa sababu ya kampani. Na hata alipokaa, mambo yalikwenda mbio mno kwake. Mtu alitekwa Jumatatu na Ijumaa anacheka harusini. Mwingine alizimia wiki nzima, akaamka bila hata kovu. Katika nyumba ile waliona wiki nyingi zikipita bila ugonjwa wa Nandipha kutajwa, kama vile mtu anaweza kuuweka kabatini na kuutoa mwandishi anapokosa la kuandika. Baba akaanza kubaki kijiweni hadi taarifa ya habari ya saa mbili. Watoto wawili wakahamia kwenye filamu za Kinaijeria kwa jirani. Mtafsiri akaenda sekondari ya bweni, na bibi akabaki na maandishi yanayopita chini ya kioo kama wadudu.

Swali la kila jioni likafa hapo. Hakuna aliyeamua liishe. Lilikuwa limepanda juu ya Nandipha, na Nandipha alipoacha kuaminika, likakosa pa kukaa.

Mjomba alikuwa na afya wakati huo. Alipata kazi ya ujenzi Morogoro, akapanga chumba na vijana wenzake, akaanza kuruka siku za kliniki. Hakuna aliyemuuliza, na yeye hakusema. Hilo ni jambo ambalo watoa huduma wa kliniki hizo hukutana nalo mara nyingi: mtu huacha dawa pale anapojisikia vizuri. Virusi vilivyokuwa vimefubazwa huanza kuzaliana upya, kinga inashuka, na ugonjwa wa kwanza kuingia mlangoni huwa ni kifua kikuu. Miezi minane baadaye alirudishwa Tabata kwa basi, akiwa amefunikwa shuka katika mchana wa Desemba.

Hakuna mtu katika familia ile anayesema tamthilia ndiyo iliyomwangusha. Aliyeacha dawa ni yeye, na sababu zake zilikuwa nyingi: umbali, aibu mbele ya vijana wenzake, uchovu. Lakini mama wa watoto amewahi kusema kwamba kosa la nyumba nzima lilikuwa kumwachia Nandipha kazi ya familia. Walikuwa wamepata njia nzuri ya kuzunguka jambo, wakasahau kwamba siku moja wangepaswa kulifikia.

Safari hii lililazimika kufikiwa. Alipoanza matibabu ya kifua kikuu, ambayo huchukua miezi sita, na kisha kurejeshwa kwenye ARV, mjukuu yuleyule mtafsiri alikuwa nyumbani kwa likizo. Alimpelekea uji, akaweka kopo la maziwa ya unga juu ya meza, wazi, mbele ya bibi na mama.

"Shikamoo, anko. Umekunywa dawa?"

Mjomba aliangalia kopo, akamwangalia mama yake. Bibi alikuwa ameshikilia fimbo yake kwa mikono miwili.

"Bado," alisema.

"Basi kunywa, mwanangu," bibi akasema. "Hawa wa kwenye kioo waache na mambo yao."

Tangu hapo kopo halikurudi juu ya kabati. Bibi aliishi miaka sita zaidi. Alipofariki alisafirishwa hadi Muleba, na kwenye kibanja, karibu na wanawe wawili, aliyemwaga udongo wa kwanza alikuwa mwanawe wa mwisho.

Isidingo nayo ilifikia mwisho wake. Novemba 2019, SABC ilitangaza kuifunga, ikieleza kwamba watazamaji na mapato vilikuwa vimeshuka. Kipindi cha mwisho kilirushwa Machi 12, 2020. Waigizaji walisikitika, mashabiki wakalalamika, na ni haki yao, kwa kuwa kazi hiyo ililisha familia nyingi na kufundisha kizazi kizima cha waigizaji na waandishi. Hata hivyo, hesabu za matangazo zinaeleza tu namna ilivyofungwa. Namna ilivyoachwa na watu wake, kina bibi wa Tabata walishaieleza miaka mingi kabla: walikoma kuamini kwamba jambo linalotokea jana litakuwa na uzito leo.

Sebule za leo zina tamthilia nyingine. Kuna za Kituruki zilizoingizwa sauti za Kiswahili, na kuna zetu wenyewe kama Huba na Juakali za Maisha Magic Bongo, ambazo hazihitaji mtoto wa kutafsiri. Hilo ni faida kubwa. Wanaoziandika wana nafasi ambayo Isidingo iliipata na kisha kuiachia: kukaa na jambo moja la kweli kwa muda mrefu, liwe sukari, figo, ugumba, ulevi au msongo wa mawazo, bila kulimaliza kabla ya Ijumaa. Mhusika mwenye kisukari anaweza kuchoma sindano yake ya insulini kila siku kwa miaka mitatu huku akiendelea kuiba waume za watu. Mtazamaji ataichukua sindano hiyo hadi nyumbani kwake bila kuhubiriwa.

Kwa upande wa familia, tamthilia nzuri inapopita ni vyema kuitumia wakati bado ni nzuri. Mtoto anaweza kuulizwa angefanya nini kama angekuwa yule msichana. Mzee anaweza kusikika akisema kuhusu mhusika jambo ambalo hawezi kulisema kuhusu mwanawe. Lakini mazungumzo hayo yakishafunguka, yahamishwe mapema kutoka kwenye kioo kwenda kwa mtu mwenyewe aliyekaa pale pale kwenye kochi, maana mhusika anaweza kuandikwa vibaya wiki ijayo, na mgonjwa bado atakuwa na kidonge cha jioni.

Mjomba sasa anameza kidonge kimoja kwa siku badala ya viwili. Vipimo vyake vinaonyesha virusi vimefubaa kiasi cha kutoonekana, hali ambayo mtu akiidumisha hawezi kumwambukiza mwenzake kwa njia ya ngono. Ameoa na ana mtoto wa miaka minne. Mtoto huyo, bila kujua swali limetoka wapi, ndiye anayemuuliza kila usiku, "Baba, umekunywa dawa?" Na asipojibiwa haraka, huenda kumletea maji.